Tonge la Adabu

Haijulikani Regina alimbembelezaje Cecil hadi akakubali kuja Masasi kupika siku moja tu. Kijana alikuwa na kazi yake katika hoteli ya watalii Arusha, na mgahawa wa Regina, ukiacha vitambaa vipya vya mezani, ulikuwa wa wali na maharage kama mingine. Lakini tangazo lilibandikwa: Jumamosi mchana, Mpishi Mgeni, vyakula vidogo vidogo vya kuonja, kimoja baada ya kingine. Mama yake Cecil, Dominika wa kijiji cha Mkunya, Newala, alipopata habari alifurahi, na papo hapo akaingiwa na hofu. Furaha ilikuwa kwa ajili ya mwanawe. Hofu ilikuwa kwa sababu ya kaka yake, Dastani.

Maana Dastani ndiye mjomba, na huko juu Newala mtoto ni wa mjomba wake. Yeye ndiye aliyempeleka Cecil jandoni, akamsomesha, akamtafutia nafasi katika chuo cha ualimu. Cecil akasoma muhula mmoja, mara ikasikika yuko Arusha anawakaangia Wazungu mayai. Tangu hapo Dastani hakulitaja jina lake. Ukimtajia wewe, anageuka kuangalia mikorosho. Ndugu walisema mzee anaona aibu kuwa na mpwa wa jikoni. Dominika naye aliamini hivyo, na kila penye kikao cha ukoo alimtetea mwanawe: kupika ni kazi, kupika si uhuni.

"Kaka, twende," alimwambia. "Usipokipenda, usile."

"Nitakwenda kuangalia barabara yao," Dastani alijibu, akavaa koti la kanisani.

Chakula cha kwanza kilikuja katika sahani pana kama ungo: kipande cha muhogo kisichozidi dole gumba, kimelazwa juu ya mbaazi zilizopondwa laini. Dastani aliinua sahani akachungulia chini yake.

"Kingine kimeangukia wapi?"

Walimu wa meza ya jirani walicheka. Dominika hakucheka, alikuwa anaukodolea macho mdomo wa kaka yake. Dastani alitafuna polepole, akameza, hakusema zuri wala baya. Akaacha tonge moja sahanini. Dominika naye akaacha lake. Walimu wakaacha, na wazee wa kanisa pale dirishani wakaacha. Hawakuambizana. Huku kusini, mtoto akifundishwa shikamoo anafundishwa na hili: ukila kwa watu, bakiza. Anayefagia sahani ugenini anamwambia mwenyeji kwamba hakushiba, na kwamba watoto wa jikoni walale njaa. Adabu njema kabisa, isipokuwa chakula kikiwa matonge matatu, ukibakiza moja umebakiza theluthi ya karamu.

Kikaja kisamvu cha korosho, wakabakiza. Kikaja kipande cha kuku chenye mchuzi wa mabibo, yale matunda ya mkorosho. Dastani aliuliza kama huyu kuku alifariki akiwa bado yai, akala, akabakiza. Ikaja supu, na ya chini kabisa ikabaki katika kila bakuli.

Ndipo Witness, mhudumu, alipomwinamia Dominika sikioni. "Mama, njoo jikoni. Mpishi amevua aproni."

Alimkuta Cecil amekaa juu ya kreti la soda, sahani zilizorudi zimepangwa mbele yake kama ushahidi mahakamani.

"Hawali, mama. Tazama mwenyewe, kila sahani. Hata mjomba ameonja akaacha. Kule nilikozoea sahani zinarudi zimelambwa."

Dominika alicheka hadi akashika meza. "Wewe, nilikufundisha nini ukienda kula kwa watu?"

Cecil akasema kwa sauti ndogo, "Nibakize."

"Haya. Na hawa nao wana mama zao."

Kijana alijifunika uso kwa viganja, akacheka, na kicheko kikakaribia kugeuka kilio. Alipoondoa mikono aliuliza jambo lililomkata mama yake kicheko.

"Na mjomba anabakiza kwa kuwa ni mgeni? Kwangu mimi?"

"Tangu tumefika umetoka kumwamkia?"

"Regina alisema mpishi hutoka mwisho."

"Mwisho wa nini, Cecil?"

Cecil alisimama, akatia maji ya vuguvugu kwenye birika, akachukua beseni, akaweka taulo begani. Chakula kilichofuata kilikuwa ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo kwao huchemshwa vikaliwa kwa mkono. "Witness, pakua yote kwenye sinia moja," alisema. "Na zile uma ziondoe."

Alipotokea ukumbini mazungumzo yalikatika. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, akachutama.

"Shikamoo mjomba."

Dastani aliliangalia birika. "Marahaba," alisema, lakini mikono aliiacha mapajani. Dominika aliwatazama kutoka mlangoni pa jikoni. Kaka yake asipoinyoosha mikono ile leo, mbele za watu, hapatakuwa na siku nyingine, alilijua hilo.

"Mjomba, niliondoka bila kuaga," Cecil alisema. "Niliogopa utanikataza. Nimekosa, nisamehe."

"Watu wanasema nimenuna kwa sababu unapika." Dastani hakupaza sauti, lakini ukumbi mzima ulimsikia. "Kupika kuna kosa gani? Nani hapa hali? Nilikupeleka chuo kwa mkono wangu huu. Kisha nikaambiwa na muuza nyanya sokoni kwamba umehama mkoa. Mimi, mjomba wako, naambiwa na muuza nyanya!" Miaka yote hiyo Dominika alikuwa akimtetea mwanawe kwa kosa ambalo halikuwapo.

Dastani akanyoosha mikono. Cecil akammiminia maji, taratibu, kidole kwa kidole, kisha akampa taulo. Sinia lilipoletwa alikaa naye, akamega wa kwanza mwenyewe kama afanyavyo mwenyeji, na Dominika akavuta kiti akajiunga nao. Walimu wakauliza la kwao liko wapi. Regina akakimbilia kwa jirani kuazima masinia, vitambaa vyake vya mezani vikaloa maji ya kunawia, asijali.

Dastani alikula bila haraka, akala sana. Sinia lilipobaki jeupe alijipangusa mdomo.

"Mwezi wa saba watoto wa ndugu yetu Alfredi wanatoka jandoni," alisema. "Kijiji kizima kitakuja kula. Nitawaambia mpishi ni mpwa wangu. Ila sahani zako hizi za kuangalia ziache hukuhuku kwa Regina."

"Nitakuja, mjomba."

"Arusha unarudi lini?"

"Jumatatu, mjomba. Basi la alfajiri."

Dastani alivaa koti lake, akafunga kifungo kimoja kimoja, na alipomaliza alimshika mpwa wake begani.

"Basi kesho upande Newala," alisema. "Nitakuwa nyumbani kutwa nzima, nakungoja uje kuniaga."