Mashahidi wa Kando ya Mfereji

Jumamosi, saa tano na dakika kumi asubuhi, Fortunée aliingia katika jumba la sanaa kwa mlango wa mbele. Kwa miaka tisa alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, ule ulio kati ya mapipa ya taka na chumba cha mitambo ya joto, na kuondoka kabla mlango wa wageni haujafunguliwa. Mlinzi alimkagua mkoba, akambandika kibandiko cha kijani kifuani, akamweleza kwamba vyoo vya ghorofa ya kwanza ndivyo safi zaidi. Fortunée alimshukuru. Alikuwa ameviosha mwenyewe jana yake.

Aliyefuatana naye alikuwa Raksha, jirani yake wa mtaa wa Perry Barr, mjane wa miaka sabini na mbili aliyezaliwa Kisumu na ambaye hakuwahi kukubali kwamba foleni inamhusu. Ni Raksha aliyeliona bango kituo cha basi. Bango lilitangaza Tikiti ya Pamoja: saa mbili za kutazama picha, kisha saa moja na nusu ya matembezi ya boti katika mifereji ya Birmingham. Chini yake, kwa herufi ndogo, liliahidi kwamba Jumamosi hiyo mkurugenzi wa jumba mwenyewe angepanda boti pamoja na wageni na kujibu swali lolote.

"Swali lolote," Raksha alikuwa amesema, akiligonga bango kwa kidole. "Umeona, Mama Orpha? Ukiwa mfanyakazi hawakuoni. Basi kuwa mgeni, bana. Mgeni wanamchekea mpaka jino la mwisho."

Swali la Fortunée lilikuwa moja. Binti yake, Orpha, alikuwa Uvira, huko Kongo, kwa bibi yake, na baada ya siku kumi na mbili angetimiza miaka kumi na minane. Akishaitimiza, mama yake asingeweza tena kumwombea aje Uingereza kama mtoto. Jalada la ombi lilikuwa limekamilika isipokuwa barua moja: mahali pa kazi pathibitishe kwamba Fortunée amefanya kazi pale miaka tisa mfululizo. Hilo halikuwa jambo kubwa. Lakini kampuni za usafi zilikuwa zimebadilishwa mara tatu, na kila kampuni mpya ilirithi wasafishaji pamoja na ndoo bila kurithi karatasi. Kampuni ya sasa ilikuwa na umri wa miezi minne, na ilikuwa tayari kuthibitisha miezi minne. Jumba nalo lilisema kwamba wasafishaji si watumishi wake. Fortunée aliandika barua pepe sita. Zote zilijibiwa na mashine, ambayo ilimshukuru kwa kuipenda sanaa.

Katika ukumbi wa picha za watu, diwani mwenye ndevu aligeuza shingo ndani ya fremu yake.

"Jambo, mama Fortunée. Leo umekawia sana."

"Jambo, baba. Leo siko ku kazi."

"Na Orpha?" aliuliza mwanamke mwenye kofia nyeusi, kutoka ukuta wa pili. "Ule examen wa shule, alipita?"

"Alipita."

"Na lile jino?"

"Waliling'oa. Sasa anakula muzuri."

Watu wa picha za ukumbi ule walikuwa wamejifunza kuzungumza kutoka kwa Fortunée. Wageni walizungumza juu yao, wataalamu walizungumza juu ya fremu zao, lakini mtu pekee aliyezungumza nao, alfajiri baada ya alfajiri huku akipangusa vumbi, alikuwa yeye. Kwa hiyo madiwani wa karne ya kumi na tisa, mabibi wa Edgbaston na watengenezaji wa nibu za kalamu walizungumza Kiswahili cha Uvira, chenye Kifaransa kidogo ndani yake.

Raksha aliwasikiliza kwa muda. "Wote wanaongea kama nyinyi wa Kongo," alisema. "Hakuna hata mmoja amefika Kisumu?"

Dalmar, msimamizi wa ukumbi, ambaye zamu yake huanza wasafishaji wakishaondoka, aliinuka kitini na kuwakumbusha watu wa picha kwamba hawaruhusiwi kuwagusa wageni. Kisha akaketi tena.

Fortunée aliwaeleza alikokuwa akienda na kwa nini. Diwani alisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa enzi zake aliwahi kuwa hakimu.

"Wanataka mutu mwenye alikuona ukitumika?" aliuliza. "Sisi tulikuona. Depuis miaka tisa. Tutaenda kusema."

Wakashuka. Haikuchukua muda mrefu. Waliochorwa mwili mzima walishuka kwa miguu yao. Waliochorwa hadi kiunoni walibebwa. Diwani alichukuliwa mabegani na wafua vyuma wawili waliotoka katika picha kubwa ya kiwanda cha chuma cha Digbeth, na mwanamke mwenye kofia nyeusi, ambaye mchoraji aliishia kumchora chini kidogo ya vifungo vya gauni, alipakatwa na mama muuza maua. Mtoto wa kike aliyechorwa kwa rangi za maji alikuja mwisho, akishika sketi ya muuza maua. Nyuma yao vitambaa vilibaki vitupu, kahawia. Dalmar alitoa mezani vile vikadi vinavyotumika picha inapopelekwa kusafishwa, akaviweka chini ya kila fremu: Imeondolewa kwa muda.

Boti ilikuwa ikingoja Gas Street, ndefu na nyembamba, imepakwa rangi nyekundu na kijani. Nahodha wake, Kewal, alihesabu wageni mara mbili.

"Nafasi ni arobaini na mbili, na tikiti zimeuzwa arobaini na mbili," alisema, akiwatazama watu wa picha. "Hawa watatembea. Haina shida, boti yenyewe inakwenda mwendo wa mtu."

Hivyo boti iliondoka, na kwenye njia ya kando ya mfereji, ambako zamani farasi walivuta majahazi ya makaa ya mawe, watu wa picha walifuata kwa mstari mmoja, wakinuka mafuta ya kitani ya rangi zao. Waendesha baiskeli walipiga kengele. Watu wa picha waliwapisha.

Mkurugenzi alisimama mbele ya boti akiwa na kipaza sauti. Alikuwa mwanamke mchangamfu aliyevaa miwani ya fremu ya njano. Alisema kwamba jumba na mfereji ni ndugu, kwamba vyote viwili ni mali ya kila mtu, kwamba katika jumba lake hakuna mlango uliofungwa. Fortunée, ambaye alikuwa na funguo za milango kumi na saba, alisikiliza kwa makini. Kisha maswali yakaanza. Mgeni mmoja aliuliza kina cha mfereji. Mwingine aliuliza kama kahawa imo katika tikiti. Wa tatu aliuliza tena kina cha mfereji, kwa kuwa hakuwa amesikia.

Raksha alinyoosha mkono, na kabla hajaruhusiwa akamnyanyua Fortunée kwa kumshika kiwiko.

Fortunée aliuliza kwa Kiingereza alichokifanyia mazoezi wiki nzima. Alieleza miaka tisa, kampuni nne, barua moja, na binti aliyebakiwa na siku kumi na mbili.

"Hilo ni swali zuri sana," alisema mkurugenzi, na alimaanisha. "Nimeguswa. Kwa bahati mbaya usafi hauko chini ya idara yoyote ya jumba. Ili tuthibitishe jambo, lazima awepo mtu wa jumba aliyeliona kwa macho yake. Je, yupo aliyekuona ukifanya kazi?"

Fortunée alionyesha kando ya mfereji.

Boti ilikuwa ikiingia katika handaki la Edgbaston, na ushahidi ulitolewa gizani, sauti zikigonga matofali. Raksha alitafsiri.

"Tunamujua," alisema diwani. "Anafikaka kila siku saa kumi na moja ya asubui. Hata siku ya theluji alikuya kwa miguu toka Perry Barr."

"Anasema alitembea kwa theluji," alitafsiri Raksha. "Wewe siku hiyo ulikuwa wapi, haijulikani. Hiyo ni mimi nimeongeza."

"Mwaka maji ilipasuka kwa plafond," alisema mwanamke mwenye kofia nyeusi, "ni yeye alitutosha ku ukuta, mumoja mumoja, mbele ya pompiers kufika. Mimi ningeoza."

"Bomba la darini lilipasuka, akawaokoa wote kabla ya zimamoto. Andika hiyo."

"Na anaimbaka," alisema mmoja wa wafua vyuma, kwa aibu.

Boti ilipotoka upande wa pili wa handaki wageni walipiga makofi. Mkurugenzi alikuwa amevua miwani na kuifuta. Akasema kwamba huo ulikuwa ushahidi mzuri kuliko wowote aliowahi kuusikia, na kwamba kwa masikitiko hauwezi kupokelewa. Watu wa picha ni mali ya jumba, na mali haiwezi kutoa ushahidi katika shauri linalomhusu mtu wa nje. Huo ungekuwa mgongano wa masilahi. Mwanamke mwenye kofia nyeusi alikuwa ameazimwa kutoka jumba la Leeds, na asingeweza kunukuliwa bila idhini ya Leeds. Ama kuhusu wafua vyuma, wataalamu walikuwa bado hawajakubaliana kama ni halisi.

"Halisi?" Raksha aliuliza. "Huyo amembeba diwani tangu Gas Street! Wewe umebeba nini?"

"Lete karatasi," diwani alisema kutoka mabegani. "Mimi nilikuwaka hakimu. Nitasaini."

Kewal aliisogeza boti ukingoni na kumpa karatasi. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba diwani hakuwa na mikono. Mchoraji, ili kupunguza kazi, alikuwa ameificha ndani ya koti, na ndani ya koti hakuwa amechora kitu. Wafua vyuma walikuwa na mikono mikubwa, iliyochorwa kwa upendo hadi kucha, lakini hawakujua kuandika. Mwanamke mwenye kofia nyeusi alijua kuandika na alikuwa na mkono mmoja, ila alikuwa wa Leeds.

Mvua ikaanza kunyesha, nyembamba, ile ambayo mjini humo hakuna anayeiita mvua. Waliochorwa kwa mafuta haikuwadhuru. Lakini utepe wa buluu wa nywele za yule mtoto wa rangi za maji ukaanza kumtiririka shavuni.

"Simamisha," Fortunée alimwambia Kewal.

"Mama Orpha, keti," alisema Raksha. "Mwache huyo mkurugenzi ashuke mwenyewe. Si ni mali yake?"

Mkurugenzi alikuwa akimweleza mgeni kina cha mfereji. Fortunée alishuka, akavua koti lake, akamfunika mtoto kichwa na mabega, akambeba. Wengine aliwaambia wamfuate na wasikanyage matope, na wakamfuata. Raksha alishuka nyuma yao akilaani kwa Kigujarati, mwavuli wake akimshikia diwani. Kutoka dirishani wageni arobaini waliwapiga picha kwa simu zao.

Kufikia saa tisa na nusu kila mtu alikuwa amerudi katika fremu yake. Utepe wa mtoto ulikuwa umekuwa mfupi kuliko zamani na shavu lake limebaki na doa la buluu, na Dalmar aliliandika katika kitabu cha hitilafu. Mkurugenzi aliingia akiwa na haraka na furaha. Video za matembezi zilikuwa zimeshatazamwa na watu elfu nane. Kuanzia mwezi ujao Tikiti ya Pamoja itakuwa na kipengele kipya: wageni botini, watu wa picha ukingoni. Kilichohitajika ni mtu wa kuwatoa na kuwarudisha, na kwa kuwa hawamsikilizi mtu mwingine, alikuwa amefikiria jambo.

"Ile barua yako," alisema. "Nimepata njia."

Karatasi ilikuwa nzito, yenye nembo ya jumba, na sahihi yake ilikuwa bado mbichi. Fortunée aliishika kwa mikono miwili. Raksha aliisoma juu ya bega lake, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti. Barua ilithibitisha, kwa fahari, kwamba Bi Fortunée amejiunga na jumba kama msindikizaji wa picha wa kujitolea. Ilitaja tarehe ya kuanza. Ilikuwa tarehe ya siku hiyo.

"Leo?" alisema Raksha. "Miaka tisa, na wewe unaandika leo?"

"Mfumo haukubali tarehe iliyopita," alieleza mkurugenzi kwa upole. "Nami siwezi kuthibitisha nisichokiona. Leo nimeona."

"Wewe hukuona hata leo. Ulikuwa na yule wa kina cha mfereji."

"Ni futi nne," alisema mkurugenzi, akawaaga, kwa kuwa boti ya pili ilikuwa ikiondoka saa kumi.

Simu ya Fortunée ililia. Alikuwa Orpha, kwa video, amekaa nje ya nyumba ya bibi yake, jua la jioni likimwingia machoni.

"Mama, barua iko?"

"Iko."

"Na nembo?"

"Na nembo."

"Wanasema nini?"

Fortunée aliitazama ile karatasi kana kwamba huenda katika dakika hizo imebadilika. "Wanasema nimeanza leo," alisema.

Kuku alipita nyuma ya Orpha. Raksha alikunja mwavuli wake na kuufungua tena.

"Ni Orpha?" aliuliza mwanamke mwenye kofia nyeusi, akiinama nje ya fremu. "Geuza simu, tumuone."

Fortunée aliigeuza simu kuelekea ukutani. Watu wa picha walimsalimu mmoja baada ya mwingine, wakamuuliza habari za bibi yake na za shule, na Orpha aliwaitikia wote kwa adabu, kama msichana anavyowaitikia wafanyakazi wenza wa mama yake.

"Nyinyi munajua zinabaki siku ngapi?" aliwauliza mwishowe.

Walijua. Diwani alitaka kulisema kwa namna ya kihakimu, akakosa namna.

"Kumi na mbili," alisema. "Na leo inaisha."