Lango la Ukweni

Verediana hakumtaka Telesphory, na njia aliyoichagua ya kumwonyesha hivyo ilikuwa kumlisha.

Usishangae. Kwetu huku, na ng'ambo kwa Warundi vilevile, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Akipita huku, wewe unapita kule. Hamli pamoja, hampeani kitu mkono kwa mkono, na jina la mwenzako unalimeza. Sasa mwanamke akimpakulia kijana sahani ikafurika, akamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, akamkodolea macho na kumwita jina mpaka wavuvi walioko majini wasikie, maana yake ni moja. Anawaambia watu wote kwamba huyu si mkwe wangu, wala msimtarajie.

"Telesphory! Njoo uchukue chakula chako, mwanangu."

Na Telesphory, maskini, alikuwa ameshajichukulia kuwa mkwe. Akiisikia sauti hiyo anageuka mgongo, anainamisha kichwa, anatokomea kwenye matete. Verediana humfuata na sahani. Ugali wa muhogo, samaki mgebuka mzima, mawese yanachuruzika. Kijiji kizima kinaacha majembe kinatazama mwanamke mnene akimkimbiza seremala ili amshibishe. Alikuwa anapata chakula kizuri kuliko mwenyekiti, na alikuwa anakonda.

Hayo yalikuwa kwenye uchimbaji wa mfereji. Kijiji chetu kiko kusini ya Ujiji, pale matete yanapoanza, na nyuma yake kuna bwawa ambalo maji yake yamekaa juu kuliko ya ziwa. Soko liko ukingoni mwa bwawa. Zamani wazee walichimba mfereji kutoka ziwani ili mitumbwi ya samaki na chumvi ifike karibu na soko. Ukaja ukazibwa na tope na mafunjo, na sisi wanawake ndio tukawa mfereji, samaki wanapita juu ya vichwa vyetu. Shingo yangu hii fupi mnayoiona haikuzaliwa hivi.

Basi akaletwa Bwana Eliudi, Mpare, mtumishi wa serikali, mtu wa mifereji tangu kwa babu yake. Akapima, akachora kwa kijiti kwenye mchanga, akasema tutaufufua mfereji na mwisho wake tutajenga chumba cha mawe chenye malango mawili. Mtumbwi unaingia kwa lango la chini, lango linateremshwa nyuma yake. Kizibo cha juu kinavutwa, maji ya bwawa yanaingia chumbani, na mtumbwi unapanda wenyewe, na wewe umekaa ndani umekunja miguu. Maji yakilingana na ya bwawa, lango la juu linanyanyuliwa kwa kamba, unatoka, uko sokoni.

"Na mwenye mtumbwi analipa kodi ya chumba?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Ni cha kijiji."

"Basi nitahamia mimi. Paa langu linavuja."

Kazi ilikuwa ya kujitolea, na waliojitolea kuliko wote ni Warundi. Ziwa lilikuwa limetuletea hao mwaka uliotangulia, mitumbwi kwa mitumbwi, na wengi walifika na nguo walizovaa tu. Telesphory yeye alifika na randa. Alikuwa ameifunga kifuani kwa kitenge, tukadhani amebeba mtoto, mama mmoja akamletea uji. Huyo ndiye aliyepewa kazi ya malango. Na hapo kwenye kazi ndipo walipoonana na Jovita, binti wa pekee wa Verediana. Karai moja la tope linabebwa na watu wawili, huyu sikio hili, huyu sikio lile. Wengine walikuwa wakimwaga tope hapo kando. Wao wawili kila siku walipata mahali pa mbali zaidi pa kulimwagia.

Verediana hakuwa mtu mbaya. Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na hofu yake alikuwa ameniambia tukichambua dagaa.

"Mama Shadia, huyu kijana leo yuko hapa. Kesho kwao kukitulia atavuka, na Jovita atavuka naye. Mimi nina Jovita mmoja. Sina wa akiba."

"Na lori?" nikamwambia.

Mwenyekiti wetu, Nikodemu, alikuwa ametutangazia. Mfereji ukimalizika tu, lori litakuja kuwachukua wakimbizi waliotapakaa vijijini, liwapeleke kwenye makazi yao huko bara, kwenye misitu ya miombo. Atakayebaki ni yule ambaye ukoo wa hapa utasimama na kusema huyu ni wetu.

"Lori limchukue," akasema Verediana. "Atakula vizuri huko."

"Na Jovita je?"

"Jovita atasahau."

Jovita, aliyekuwa anasonga ugali nyuma yetu, akasema bila kugeuka, "Lori lina nafasi, mama. Nimeuliza."

Dagaa wa siku ile tuliwachambua vibaya sana.

Ikafika siku ya kulifungua lango. Heshima ya mtumbwi wa kwanza alipewa Verediana, kwa kuwa ndiye aliyewalisha wafanyakazi toka jembe la kwanza. Akajaza mtumbwi migebuka wabichi, walioopolewa alfajiri ile, awauze sokoni mbele ya macho ya watu. Mimi nilipewa kusimamia kizibo cha chini, kile cha kuyatoa maji chumbani kurudi mferejini. Ni kibao tu chenye mpini, kiko juu ya ukuta, na pembeni yake pana jiwe zuri la kukalia. Ila mimi jiwe sikulipenda. Nilikalia mpini wenyewe.

Sasa sikiliza lililotokea asubuhi, kwa sababu ndilo lililozaa mengine. Wakati wa ujenzi, Telesphory alikuwa amekaza lango la juu kwa kabari za mti, alizozichomeka chini kabisa, kwenye vijishimo alivyovichonga mwenyewe kwenye mawe. Asubuhi hiyo chumba kikiwa bado kikavu, alipiga magoti mle ndani anazing'oa moja moja. Verediana akatokea ukingoni na bakuli.

"Telesphory! Uji wako huu, mwanangu. Nishikie bakuli."

Mtu akaruka kama chura. Nyundo huku, yeye kule, matete yakamfunika. Na kabari ya mwisho ikabaki mahali pake.

Hatukujua. Verediana akaingia na mtumbwi wake, kanga mpya kichwani, anapunga mkono. Lango la chini likateremshwa. Kizibo cha juu kikavutwa, maji yakaanza kuingia, na kweli, Verediana akaanza kupanda. Tulianza kwa kuona kichwa, mara tukaona mabega, mara tukamwona mzima na samaki wake. Watoto wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akasema sasa amewahi kuona kila kitu, anaweza kwenda kulala. Maji yakalingana. Wanaume wakashika kamba ya lango la juu, wakavuta.

Lango halikusogea.

Wakavuta tena, mmoja akaangukia makalio. Bwana Eliudi akalala kifudifudi juu ya ukuta, akachungulia majini.

"Kuna kabari imebaki chini. Nani aliziweka?"

Watu wote wakageuka kuyatazama matete.

Selestini, mpiga mbizi wetu, akajitosa kwanza. Akatoka na tope. Akarudi, akatoka na kandambili ya mtu. "Kule chini ni giza," akasema. "Aliyeificha ndiye aijuaye."

Tukamwita Telesphory. Akaja, lakini akija kinyumenyume, mgongo kwa Verediana, na kusimama pale akiyatazama mashamba ya watu.

"Ingia uitoe, kijana," Bwana Eliudi akamwambia.

"Nitaitoa, bwana. Lakini ni lazima nivue nguo."

"Basi vua."

"Siwezi kuvua mbele ya mabukwe."

Mabukwe kwa Kirundi ni mama mkwe. Neno hilo lilitua kwenye mtumbwi kama jiwe.

"Mimi si mabukwe wako," Verediana akasema. "Vua, Telesphory. Vua mpaka basi. Mimi nitakutazama kama ninavyotazama mbuzi."

"Siwezi, mama."

"Tazama, watu wote wananisikia. Nimekulisha kwa mkono huu. Nimekuita jina. Vua shati!"

"Ingia na nguo zako basi," akasema Bwana Eliudi.

"Shati na suruali vitanasa kule chini, bwana, nifie humo. Na nikitoka nimelowana, itakuwa yaleyale."

Hapo hata Bwana Eliudi akaacha kumsukuma, maana kwao nako hawavui mbele ya mama mkwe. Akahamia kwenye utaalamu wake. "Basi tuyatoe maji chumbani, mama ateremke, tung'oe kabari kwa raha. Mama Shadia, fungua kizibo."

"Kizibo gani?" nikasema.

"Hicho ulichokikalia."

"Aa, hiki. Magoti yangu, mwanangu. Yakishakunjika hivi huwa yanataka muda wake."

"Tukusaidie kunyanyuka?"

"Anishike nani? Mume wangu kaenda Mwamgongo."

Akanitazama. Nikamtazama. Ni mtu mwenye akili, yule Mpare. Akavua kofia yake, akatafuta kivuli, akakaa.

"Na wewe, Mama Jovita," Nikodemu akamwita kutoka juu, "tukutoe kwa kamba?"

"Kama mbuzi? Na samaki wangu nimwachie nani?"

Jua likapanda. Verediana alikuwa katikati ya chumba, mawe kulia na kushoto, lango mbele, lango nyuma. Inzi wakasikia harufu ya wale migebuka. Kutoka sokoni wanunuzi walikuwa wanabeba vikapu vyao na kuondoka mmoja mmoja kwenda kununua maharage ya watu wa Kalinzi. Yeye akawa anapepea samaki kwa upindo wa kanga na kututukana kidogokidogo, mtu mmoja mmoja, ukoo kwa ukoo. Mimi aliniweka wa mwisho.

"Mama Shadia. Wewe hayo makalio nayajua."

"Yanakusalimu."

"Unanifanyia hivi mimi, jirani yako?"

"Mimi nimekaa tu, Verediana. Wewe ndiye uliyefungiwa. Na ufunguo anao yule pale anayetazama mihogo. Ukigeuka mgongo atavua nguo. Kugeuka tu. Hata mbuzi hugeuka."

"Nikigeuka mtasema nimemkubali."

"Tutasema, ndiyo," nikamwambia. Sikutaka kumdanganya.

Hapo ndipo Jovita alipofika. Alikuwa ametoka nyumbani, na kichwani alikuwa na mzigo, si mkubwa, umefungwa kwa kile kitenge cha randa. Aliutua ukingoni, upande aliosimama Telesphory, akaukalia, akaanza kung'oa nyasi moja moja kama mtu anayesubiri usafiri.

Verediana akauangalia ule mzigo. Akaangalia fundo lake, maana fundo lile ni yeye aliyemfundisha binti yake kulifunga. Inzi hakuwapepea tena. Sisi tuliokuwa tunacheka tukaacha. Nakwambia ukweli, nusura ninyanyuke.

Kisha akaivuta kanga ya kichwani, akajifunika uso mzima. Akainuka kidogo, mtumbwi ukayumba, akazunguka polepole na kuketi tena, mgongo kwa Telesphory, uso kwa ziwa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Tuliogopa asije akabadili mawazo.

Kutoka ndani ya kanga sauti ikasema, "Mwambieni huyo mtu afanye haraka. Samaki wanaharibika."

Huyo mtu. Hakusema Telesphory. Wanawake tukashikana mikono.

Shati likaruka, suruali ikaruka, tukasikia maji yakigawanyika. Akakaa kule chini ya maji mpaka Jovita akasimama. Ghafla kamba ikalegea mikononi mwa wanaume, lango likapanda likilia kama ng'ombe, na mtumbwi wa Verediana ukasukumwa na maji taratibu kuingia bwawani. Aliingia sokoni kinyumenyume, kanga usoni, samaki miguuni, kama bibi harusi aliyekosea njia. Alipopita usawa wangu, sauti ikatoka tena ndani ya kanga.

"Na mkimaliza, mwambieni avae. Atapata baridi."

Mimi hapo magoti yangu yakapona.

Lori lilikuja siku zilezile. Karani aliyeshuka nalo alikuwa kijana wa mjini, anataka amalize awahi kurudi. Nikodemu akamwambia wapo wachache ambao ni wa kijiji, na mmoja ni seremala, mkwe wa mama huyu. Karani akamgeukia Verediana.

"Mama, unamfahamu huyu Telesphory?"

Kwa miezi yote ile jina hilo tulikuwa tumelisikia kwa sauti yake asubuhi, mchana na jioni, mpaka kasuku wa mwalimu alikuwa analijua. Telesphory alikuwa nyuma ya lori, mgongo kwetu, anakagua tairi zisizomhusu. Jovita alikuwa amefumba macho.

Verediana akavuta kanga akajifunika uso.

"Jina hilo," akasema, "mimi siwezi kulitamka."

Karani hakuelewa. Akafungua mdomo aulize tena, lakini Nikodemu alikuwa tayari amemshika mkono anamrudisha kwenye lori, akimwambia kwamba mama ameshajibu.

Chumba kile hadi leo tunakiita Ukweni, na mtumbwi ukichelewa mle ndani watu huulizana nani kavua shati. Telesphory alinenepa. Chakula chake kilipelekwa na watoto, kimefunikwa, kidogo kuliko kile cha zamani, naye alikimaliza chote.

Verediana alininunia kwa muda. Siku moja akaja na chungu cha dagaa, akaketi kizingitini kwangu.

"Magoti yako yanaendeleaje?"

"Yanasumbua wakati wa harusi tu," nikamwambia.

Akanisogezea chungu. Tukaanza kuchambua.