Shule ya Dakika Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimerudishwa shule kwa sababu ya kushindwa kupanda daraja.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana ndotoni hakuna aliyeniuliza. Naitwa Ambwene. Natengeneza mizani hapa Mbeya: za dukani, za buchani, na zile kubwa za kupimia magunia. Kazi ikiisha, na mara nyingi kabla haijaisha, nacheza chesi kwenye simu na watu wa intaneti. Ni chesi ya dakika tatu. Wewe una dakika tatu, mpinzani ana dakika tatu, na zikikuishia umeshindwa hata kama kete zako zote zimesimama. Nina pointi elfu mbili mia tatu na kumi na moja. Si pointi za mtu wa kawaida. Lakini nimekaa palepale miaka miwili, na ninachotaka ni elfu mbili mia nne.

Shule yenyewe ni chumba kimoja cha bati, mchana, mvua inanyesha. Nimeketi kwenye dawati la watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu anaingia. Ni saa ya chesi, ile yenye nyuso mbili na kitufe juu ya kila uso, ila huyu ana urefu wa mtu na amevaa koti. Uso wa kushoto ukizungumza, wa kulia unanyamaza. Ili wa kulia uzungumze, lazima mtu ampige mwalimu kichwani. Kazi hiyo amepewa mwanafunzi wa dawati la mbele, na anaifanya bila chuki.

"Ambwene," unasema uso wa kushoto, "umecheza michezo elfu kumi na tisa, mia mbili na sita. Umejifunza kitu katika mingapi?"

"Sina hesabu, mwalimu."

Mwanafunzi anapiga.

"Kumi na mmoja," unasema uso wa kulia. "Na katika hiyo, mitatu ulijifunza kitu kisicho sahihi."

Darasa halikucheka. Ningependelea wacheke.

Mwalimu aliandika sheria ya kwanza ubaoni: ukigusa, cheza. Mimi nilikuwa nimeshagusa kikombe cha chai cha jirani yangu. Wote wakanitazama. Sheria ni sheria, nikakisogeza kikombe hatua moja mbele, kikavuka ukingo wa dawati na kuanguka. Jirani akasema hatua yangu ilikuwa halali. Akafunga daftari lake lililolowa na kuliweka pembeni, akakunja mikono.

Niliinama kuokota vigae vya kikombe, na nilipoinuka nilikuwa jikoni kwetu, Tukuyu.

Hapo kuna jambo la kueleza. Kwenye simu ipo njia ya kuokoa muda: unaweka hatua yako mapema, kabla mpinzani hajacheza, na akicheza tu, yako inakwenda yenyewe. Haili hata sekunde yako moja. Mimi ni hodari sana wa hilo.

Mdogo wangu Bupe anageuka kutoka kwenye jiko la mkaa. Anafungua mdomo.

"Baadaye," nasema.

"Sijasema kitu, kaka."

"Sawa, wasalimie."

"Nilitaka kukwambia baba..."

"Nitapiga simu Ijumaa."

Najiziba mdomo kwa mkono. Haisaidii. Majibu yanatokea katikati ya vidole, moja baada ya jingine: nina kazi nyingi, umeme ulikatika, mwezi ujao nitakuja bila kukosa. Yalikuwa yameshatumwa siku nyingi na hayakuweza kurudishwa. Bupe aliyasikiliza yote kwa adabu mpaka yakaisha. Kisha akapakua ndizi kwenye sahani mbili, yake na ya baba, akafunika sufuria.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nje palikuwa na benchi la zahanati, na kwenye benchi ameketi farasi wangu mweupe wa chesi, mguu wa mbele umefungwa bendeji. Aliponiona alisimama anisogelee. Alikwenda hatua mbili mbele na moja pembeni, akanipita, akarudi tena hatua mbili na moja pembeni. Ilimchukua muda kunifikia. Nikamngoja kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

"Bwana," akasema, "umenitoa kafara mara elfu nne na kitu. Palepale kila siku, mlangoni kwa mfalme mweusi."

"Huwa inafanya kazi."

"Inafanya kazi kwa mtu mwenye haraka. Hao wa elfu mbili mia nne wananila, wanajifunika vizuri, halafu wewe unabaki na farasi mmoja."

"Sasa nifanye nini?"

"Punguza michezo. Ukishindwa, kaa utazame uliposhindwa."

"Hilo linachosha."

"Ndiyo," akasema farasi, na akaketi tena, akaushika mguu wake kama mtu anayeshika kitu cha mwenzake.

Jina langu likaitwa dirishani.

Nyuma ya dirisha alikuwepo mama mmoja mwenye miwani na muhuri. Nilimjua ni nani ingawa sijawahi kumwona. Mchezo ukiisha kwenye simu, kuna mashine ya kukagua kila hatua uliyocheza na kukuonyesha makosa. Mimi huifungua mara chache, na mara nyingi ni kutazama nilivyoshinda. Ndiye huyo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na jalada moja tu mbele yake.

"Tunakagua mchezo wa Jumamosi ile ya Pasaka," akasema. "Ubao wa mbao. Wewe na Mwalimu Lugano."

Mwalimu Lugano ni baba yangu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na sita, na ndiye aliyenifundisha chesi nikiwa darasa la tatu. Chesi yake haina saa. Mchezo mmoja unaweza kuanza baada ya chai ya asubuhi na kumalizika kesho yake, baada ya kanisa.

"Huo hauhesabiki," nikasema. "Hauna pointi."

Mama akagonga karatasi kwa kidole na kuanza kusoma.

"Hatua ya ishirini na mbili, Mwalimu Lugano anafikiri. Vizuri. Anaendelea kufikiri. Vizuri. Ambwene anatoa simu, anaiweka chini ya meza." Akapiga muhuri. "Kosa kubwa."

"Hiyo si hatua ya chesi."

"Imeandikwa hapa. Chini ya meza anacheza michezo minne, anashinda mitatu. Mwalimu Lugano anainua kichwa ili aseme jambo. Anaona mwanga wa simu kwenye kidevu cha mwanawe. Anateremsha kichwa. Anamlaza mfalme wake ubaoni na kusema, 'Umeshinda, mwanangu.'"

Akageuza karatasi.

"Wakati huo Mwalimu Lugano alikuwa mbele kwa kete nzima, tena ngome. Wewe ulisemaje?"

"Nilisema asante."

Muhuri ukashuka.

"Palikuwa na hatua bora," akasema.

"Ipi?"

"Zilikuwa nyingi. Hata kukohoa."

Hakunisomea yaliyofuata, kwa kuwa hayakuwa ya mchezo. Nayajua. Baba hakunialika tena kucheza. Miezi miwili baadaye akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa na sauti ikaondoka, na mpaka jana alikuwa hajasema neno. Bupe ndiye anayekaa naye. Mimi nimekwenda mara mbili.

"Unaruhusiwa kurudia kuanzia hatua ya ishirini na mbili," mama akasema. "Pita mlango ule."

Nikapita. Ni sebule ya nyumbani, mchana uleule wa mvua. Baba ameketi upande wake wa meza, amevaa sweta la kijivu, mkono wa kulia umelala pajani. Ubao uko kati yetu na mfalme wake mweusi amelala. Mwalimu wa shule amesimama pembeni na nyuso zake mbili. Hakuna wa kumpiga kichwani, lakini mishale ya uso wa upande wangu inatembea.

"Ni zamu yake," nikamwambia. "Kwa nini unakata muda wangu?"

"Hapa anayengoja ndiye anayelipa," ukasema uso ule.

Nikaketi. Dakika tatu zangu zikaisha mapema sana. Nikatarajia kuambiwa nimeshindwa, niondoke, lakini mama wa dirishani akapitisha kichwa mlangoni na kusema, "Elfu mbili mia tatu na kumi." Baada ya muda akarudi: "Elfu mbili mia tatu na tisa."

Baba anatazama ubao. Mvua inapiga bati. Farasi wangu amelala amesimama. Nasikia mama akisema elfu mbili mia mbili, kisha elfu mbili kamili. Hiyo ni kazi ya miaka sita. Mikono yangu inatafuta kitu chini ya meza na hakuna kitu. Nataka kumwambia baba samahani, ila naona kwamba nikisema nitakuwa namharakisha. Kwa hiyo namtazama. Sikuwahi kumtazama akifikiri. Anauma mdomo wa chini kidogo, upande mmoja. Nywele za juu ya sikio zimekuwa nyeupe zote. Shingo imekonda, na kola ya shati imekuwa kubwa.

"Elfu moja mia tisa," mama akasema, na safari hii alisema kwa sauti ya chini, akavuta mlango.

Hapo baba akainua mkono wa kulia. Ulipanda taratibu, ukavuka kete zake moja moja bila kuangusha hata moja. Akamshika mfalme aliyelala kwa vidole viwili, akamsimamisha. Akahakikisha amekaa katikati ya mraba wake. Kisha akanitazama.

"Zamu yako," akasema.

Nikatazama ubao. Alikuwa mbele kwa ngome nzima, kama ilivyoandikwa. Nilikuwa nashindwa, tena vibaya, na sikuona hata hatua moja nzuri. Nikaweka viwiko mezani, nikaanza kufikiri.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi na chumba kilikuwa na baridi. Nilichukua simu na kufungua mchezo, nikakuta pointi zangu ziko vilevile, elfu mbili mia tatu na kumi na moja. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Nikaanza kuvaa.

Kulikuwa na ujumbe wa Bupe, umeingia dakika ishirini zilizopita.

"Shikamoo kaka. Samahani kukusumbua na kazi zako. Nilikuwa namgeuza baba, akanishika mkono kwa ule wake wa kulia, akasema neno. Nimemwomba arudie, hataki, ananitazama tu. Nadhani alisema zamu. Zamu ya nini, kaka? Zamu ya nani?"

Niliusoma nimesimama, kiatu kimoja mguuni. Kisha nikampigia tajiri yangu kumwambia leo mizani zitangoja, na nikamwandikia Bupe neno moja: "Yangu." Basi la kwanza la Tukuyu linaondoka saa moja.