Sebule ya Dukani

Fundi aliihitaji meza yake, na meza ilikuwa na mtu. Bintiye, waliyemzoea kwa jina la Kijiti kwa jinsi alivyorefuka bila kunenepa, alikuwa ameketi kwenye stuli ya cherehani, mgongo wima, akipiga piano. Sauti hakuna. Kilichosikika ni vidole vikigonga mbao, tap tap tap, na mtoto akihesabu kwa pumzi, moja mbili tatu, moja mbili tatu. Vibonyezo themanini na vinane vilikuwa vimechorwa kwa chaki ukingoni mwa meza ya kukatia nguo, vyeusi vikiwa vimejazwa chaki ya buluu.

"Malizia, mama, nikate hii sare. Mwenyewe anakuja saa nane."

"Mstari mmoja tu."

Fundi akasubiri, mkasi mkononi. Ile chaki aliichora yeye. Mwaka jana shule ilimpa kazi ya kushona vifuniko vya piano zake sita, na alipokuwa akizipima akaona apime na vibonyezo, kimoja kimoja, maana bintiye alikuwa ameshaandikishwa darasa la muziki, na piano ya kununua aliijua kuwa ni ndoto za mchana. Vipimo vilikuwa sawasawa kabisa. Kwenye vipimo fundi huyu hana mchezo.

Uongo ulikuwa kwenye fomu ya kumwandikisha. "Je, mwanafunzi ana piano ya kufanyia mazoezi nyumbani?" Siku ya kuijaza alimwona mzazi wa pembeni yake akitia alama kwenye Ndiyo bila hata kufikiri, akaona haya kuwa peke yake. Naye akatia Ndiyo. Basi, juzi ikaja barua: kila aliyejibu Ndiyo alete picha ya mtoto akiwa kwenye piano hiyo, iwe na vibonyezo themanini na vinane, na viwe vizito kama vya piano ya mbao. Mwisho Jumamosi saa kumi jioni. Asiye na picha anatolewa kwenye piano, anapelekwa kwaya. Na Kijiti kuimba hajui. Hata kuku wa jirani wana habari hiyo.

Jumamosi yenyewe ndiyo hii.

Alipomaliza sare na mwenyewe kuichukua, fundi alifungua kopo la vifungo akatoa akiba yake, akaifunga kwenye leso, leso akaitia kifuani. Mwezi uliopita alipita duka la ala za muziki akaulizia bei ya piano ya umeme, ile ya chini kabisa yenye vibonyezo kama vya piano za shule. Alikesha akibadilisha kola na kupunguza suruali za watu mpaka bei ikatimia. Alitoka nyumbani na Kijiti, akitembea kama mtu mwenye haki zake.

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye tai fupi, na akamkumbuka fundi.

"Ile niliyoulizia," fundi alisema. "Nimekuja kuichukua."

"Ile?" Muuzaji akajikuna shingo. "Imepanda, mama. Ushuru, usafiri, sijui nini tena. Kila mzigo ukiingia unaingia na bei yake."

Akaitaja bei mpya. Nyongeza peke yake ilikuwa sawa na sare thelathini, na fundi alizijua sare thelathini zinavyomuuma kiuno. Jamani, mwezi mmoja tu!

"Nionyeshe zilizopo," akasema, sauti imemshuka.

Muuzaji hakuwa mtu mbaya. Aliwapitisha pole pole. "Hii ndogo pesa yako inaitosha, na chenji unaondoka nayo. Vibonyezo sitini na kimoja, ina taa, ina ngoma, ina nyimbo mia humo ndani. Lakini nisikufiche, ni vyepesi kama rimoti ya televisheni. Mtoto akisomea hapa mkono utaharibika. Hii ya katikati inavyo vyote themanini na vinane, ila navyo ni vyepesi, shule wataikataa. Hii ndiyo yenyewe. Ukigusa taratibu inalia taratibu, ukikandamiza inalia kwa nguvu. Na unaweza kuvaa spika za masikioni, majirani wakalala zao."

Fundi alikibonyeza kibonyezo kimoja kwa kidole gumba, kama anavyojaribu unene wa kitambaa. Kilikuwa kizito kweli. Kilishuka, kikasita kidogo, kikapanda chenyewe. Aliipenda ile piano mpaka akajichukia.

"Kaa, mama, ujaribu," akamwambia bintiye.

Kijiti akakaa. Alianza vizuri, vidole vikijua pa kwenda. Lakini noti moja ilitoka, mbili zikabaki humo humo, nyingine ikapiga kelele peke yake. Kidole kiligusa na kupita, kama kilivyozoea mezani, na piano ikanyamaza. Baba mmoja aliyekuwa akichagua gitaa akageuka kuangalia. Kijiti akaacha katikati, akaviangalia vidole vyake.

"Nyumbani unapigia nini?" muuzaji aliuliza kwa upole.

"Tunayo," Kijiti akajibu bila kupepesa. "Iliharibika. Kuna kifaa kimeagizwa, na fundi wake kasafiri, anarudi wiki ijayo."

Fundi alihisi uso unamuwaka. Hakumfundisha mtoto yale maneno, wala hakumwomba aseme. Lakini aliyajua, moja baada ya jingine. Ndiyo aliyowaambia wateja kila nguo zao zilipochelewa: zipu imeagizwa, mtu wa zipu kasafiri, njoo wiki ijayo. Mtoto alikuwa akisikiliza miaka yote hiyo pale mezani, na sasa anayatumia kumsitiri mama yake mbele ya watu. Ameyatoa kwa ulaini hasa, mwongo wa watu! Aibu ile haikuwa ya umaskini, maana umaskini alishauzoea.

Muuzaji akasogea karibu, akapunguza sauti. "Mama, ni ile picha ya shule?"

Fundi akainamisha kichwa kukubali.

"Njooni huku."

Nyuma ya rafu za gitaa palikuwa na kona imetandikwa zulia. Kochi la maua, pazia lililotundikwa ukutani pasipo na dirisha, meza ndogo yenye maua ya plastiki, na fremu yenye picha ya familia inayocheka, ile picha inayokuja na fremu yenyewe. Katikati yake, ile piano nzito.

"Wengi picha hiyo wanaipigia hapa," muuzaji alisema. "Sitozi kitu. Ila mwenye duka anataka kila anayeingia kona hii atoke na bidhaa. Chukua hata kitambaa cha kufutia."

Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha flana ya njano, hakina upindo, na kimekatwa kombo. Kwa bei ile fundi angepata mita nzima. Alikilipia. Fundi cherehani kununua kitambara! Angehadithiwa angecheka.

Kijiti alikaa kwenye piano. Fundi akainua simu. "Tabasamu, mama."

Mtoto akatabasamu, tabasamu zuri la mtu aliye kwao. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Wakapiga ya pili.

Walifika shuleni saa kumi kasorobo. Ofisini alikuwepo karani peke yake, mwanamke mwenye miwani ya kamba, mhuri umelala karibu na kikombe chake. Fundi akamwonyesha simu.

"Haa, kochi la maua," karani alisema. "Leo hili ni la tisa."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kijiti akatazama viatu vyake.

"Usihangaike, mama. Mimi naletewa picha, sipelekwi nyumbani kwa watu." Akaihamishia picha kwenye kompyuta yake, akavuta fomu ya kupokelea picha, akagonga mhuri. Puu. "Tayari. Piano ipo."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu wa muziki, bunda la fomu kwapani na funguo mkononi. Alipowaona, na ile picha kwenye kompyuta, uso ukamchangamka.

"Mama Kijiti! Kumbe mnayo? Afadhali. Huyu mimi nilidhani hana, maana vidole vyake vinapapasa tu." Akaziweka fomu mezani kwa uchovu. "Mkuu alinikubalia chumba cha piano kifunguliwe kila jioni, kwa watoto wasio na piano kwao. Akasema nimletee fomu hata moja iliyoandikwa Hapana. Nimepekua zote arobaini na mbili. Hakuna! Basi, kama hakuna mwenye shida, chumba kinabaki kimefungwa. Funguo hizi narudisha."

"Walioandika Hapana niliwarudishia fomu zao," karani alisema bila kuinua macho. "Maelekezo yanasema asiye na piano hasajiliwi. Wakaenda, wakarudi na Ndiyo."

Mwalimu akaivuta fomu ya juu, akaiangalia upya.

Fundi alihisi vidole vyembamba vikimvuta nguo kwa nyuma. Alijua vinasema nini: mama, nyamaza. Angeweza kunyamaza. Mhuri ulikuwa umeshagongwa, nafasi ya mtoto ipo, na hakuna ambaye angejua ila karani asiyejali.

"Mwalimu," akasema. "Hatuna. Hatujawahi kuwa nayo. Mtoto anapigia meza yangu ya kukatia nguo. Piano hiyo kwenye picha ni ya dukani, na kochi ni la dukani."

Kijiti akamwachia nguo, akageukia ukuta.

"Mama, nimeshagonga," karani alisema, safari hii akiinua macho. "Kwenye kompyuta mnayo piano."

"Si ufute."

"Mhuri haufutwi. Labda uandike barua kwamba piano imeibiwa, uambatanishe na karatasi ya polisi."

"Niibiwe kitu ambacho sina?"

"Ndiyo utaratibu."

Mwalimu alizigeuza geuza funguo mkononi. "Nitaongea na mkuu Jumatatu," akasema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama atasikilizwa. Wala hakumkabidhi fundi zile funguo. Hakuwa na ruhusa.

Fundi akaangalia huku na huku, akaliona benchi la wageni, akaenda akakaa. Akaweka mkoba magotini.

"Saa kumi tunafunga, mama," karani alisema.

"Funga."

"Na wewe?"

"Mimi nasubiri ufute, uandike Hapana. Hata hiyo Jumatatu ikinikuta hapa, sawa."

Karani akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Nje, wazazi wawili waliokuwa wakija na simu zao mkononi walisimama mlangoni, wakachungulia. Kijiti alibaki ukutani kwa muda. Halafu akaja, akakaa benchi lile lile, lakini mbali, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yake na mama yake.

"Mama, watu wanatuona," akanong'ona bila kuinua kichwa.

Fundi naye aliwaona. Uso bado ulikuwa unamchoma, akaukumbatia mkoba.

"Acha watuone," akasema.