Mama Fabiola Chini ya Jiwe la Kibuyu

Elimringi alikuwa ananunua mafuta ya taa dukani kwa Alawi, karibu na stendi ya Babati, alipomwona marehemu mkewe kwenye postikadi. Zilikuwa kadi kuukuu, za enzi wazungu wakipanda hadi Sigino kupiga picha Jiwe la Kibuyu. Kila kitu kilikuwa cheusi na cheupe, isipokuwa kitenge cha Kornelia, cha kijani. Alikaa kivulini mwa jiwe, nyundo ya kokoto mapajani.

"Huyu si Mama Fabiola?"

"Shikamoo, Baba Fabiola. Ndiye. Tangu juzi yumo kwenye kadi zote," alisema Alawi, akiendelea kumimina mafuta. "Sasa zinatoka. Watu wanasema afadhali zina mtu."

Jiwe lenyewe halikuwepo tena. Mkoa ulipozaliwa, wakubwa walitaka majengo, na majengo yalitaka kokoto. Kila mara kabla ya baruti kulipuliwa, rimu la lori lililoning'inia kama kengele kwenye mgunga jirani na jiwe liligongwa, na kina mama waliokuwa wakiponda kokoto wakakimbia. Siku aliyokufa Kornelia, rimu lilikuwa limepelekwa Bagara, kuita watu waje kumpokea mgeni wa serikali. Baruti haikusubiri. Wakubwa wakasema kengele iligongwa, marehemu akakaidi.

Sasa Elimringi alikuwa na ushahidi. Alichukua kadi mbili, moja akampelekea Ludovick, afisa wa ujenzi.

"Angalia mti, mheshimiwa. Rimu liko wapi?"

Ludovick alivaa miwani. "Kweli, halipo. Na mama anaonekana ametega sikio. Iache hapa, mzee. Tutakaa Ijumaa."

"Kukaa mnajua," alisema Elimringi, lakini alishafika barabarani.

Jioni ile, kwenye kadi iliyobaki nyumbani kwake Mutuka, jiwe lilipata ufa. Asubuhi ufa ulikuwa umepanuka, na vumbi la mawe limemwagika mezani. Binti yake Fabiola alilipangusa, kisha akaweka chai.

"Baba, vumilia hadi Ijumaa. Ukigonga rimu akatoka pale, utawaonyesha nini?"

"Mama yako anasubiri kuitwa, mimi nisubiri kikao?"

Alikwenda Bagara kwa miguu. Rimu lilikuwa bado linaning'inia kwenye mti wa uwanja wa mikutano, wala hakuna aliyewahi kukumbuka kulirudisha. Aliegesha kadi kwenye shina la mti, akaokota jiwe, akaligonga rimu mpaka mkono ukafa ganzi. Kornelia aliinua kichwa. Alijikung'uta kitenge, akachukua nyundo yake, maana hakuwa mtu wa kuacha chombo, akatoka upande wa kulia wa picha bila haraka. Ndipo Jiwe la Kibuyu pichani likapasuka. Dukani kwa Alawi mawe ya kadi zote yalipasuka, na kadi zikaacha kununuliwa.

Ijumaa wakubwa waliizungusha ile kadi mezani, mkono hadi mkono.

"Mama hayumo," alisema Ludovick. "Ina maana alisikia, akaondoka. Kengele iligongwa, mzee."

"Nimeigonga mimi! Juzi!"

"Sasa ubishi wa nini? Hata wewe unasema iligongwa."

Wakafunga kikao, wakanywa soda. Elimringi hakupewa.

Nyumbani alikuta nyundo ya kokoto imeegeshwa mlangoni, mpini ukiwa bado na joto la kiganja. Akaiingiza ndani, maana Mutuka siku hizi kuna wezi.