Wapangaji wa Koki

Mama Msasa alikuwa akiosha vikombe vya asubuhi mgeni wa kwanza alipotoka kwenye koki ya jikoni. Alitanguliza mguu: mwembamba, wa kijivu, kalowa chapachapa, furushi kwapani. Mama Msasa akampa taulo na kumwomba apite pembeni, sakafu ilikuwa imepigwa deki sasa hivi.

"Mmebaki wengi humo ndani?"

"Zinki wote tunahama, Mama. Shaba anabaki peke yake."

Kabla ya adhuhuri sebule ilikuwa pomoni. Mama Msasa hakuwa mtu wa kununia nyumba iliyojaa. Alibandika sufuria kubwa ya chai, na umbea ukaanza.

Kazi yake ilikuwa kung'arisha koki za shaba iliyochanganywa na zinki, katika karakana ya shemeji yake. Alijua kuwa koki ukiisugua ikawa kioo, ukaidondoshea asidi kidogo, vyumba vidogo vya ndani yake huonekana: vingine shaba tele, vingine zinki wamejaa. Zamani shemeji alizirudisha tanurini, akazioka kwa moto wa wastani mpaka vyumba vya zinki vikaachana, kila kimoja kisiwa chake. Gesi ilipopanda bei, tanuri likawa kabati la viatu.

"Sasa milango yetu yote inaingiliana," alisema bibi mmoja wa kijivu, akipuliza chai. "Maji yamepita chumba kwa chumba, kama jirani asiyejua hodi."

Mama Msasa akaigusa koki. Ilikuwa imegeuka ya waridi, ikavunjika mkononi kama biskuti. Akaziba bomba kwa tambara, kisha akakumbuka sanduku la koki lililokuwa likisubiri gari karakanani. Lilikuwa la wodi ya wazazi, na mkunga wa wodi ile ni binti yake.

Akamshika bibi mkono, wakaenda.

Shemeji alimvutia bibi kiti, akamtafutia kitambaa cha kukaushia miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tuokeni, tutulie."

"Ningependa, lakini tanuri lile linakula gesi kuliko mashemeji."

"Acha mzaha," alisema Mama Msasa. "Mwanetu anazalisha watu kule. Maji yakimkatikia katikati ya kazi je?"

"Yakatike na koki hizi? Hebu tazama zinavyong'aa! Na nani kazing'arisha, shemeji, kama si wewe?"

Mama Msasa alizitazama. Ungeweza kujipaka wanja mbele ya koki zile. Akaifuta moja alama ya kidole. Gari likaja, sanduku likapakiwa, na bibi akawapungia mkono jamaa zake waliokuwamo.

Wageni walikaa. Walijifunza kukunja mikeka, wakawa wanajua habari za mtaa mzima kumshinda mwenye nyumba. Mvua zikaja, zikaenda. Alasiri moja, Mama Msasa akiwa karakanani, binti yake alipiga simu.

"Mama, nina mzazi kitandani, koki imenivunjikia mkononi, maji ni mengi sakafuni kuliko kwenye beseni. Na kuna wageni wa kijivu wanatoka ukutani. Wamelowa."

"Wape viti, mwanangu."

"Viti vimekwisha."

"Basi wakushikie taa."

Kwenye simu alisikia mtoto akilia, sauti nzuri, yenye nguvu, na watu wengi wakishangilia kwa adabu. Mama Msasa akatabasamu. Shemeji akamsogezea sanduku jingine, la shule. Akachukua koki ya juu, akaanza kusugua.