Mkono wa Zagabe

Jumamosi saa nane mchana, mechi ya mpira wa mikono huko Kadutu, mjini Bukavu, ilisimama kidogo kwa sababu golikipa alihitaji kitambaa. Kila mpira aliorushiwa na Consolate ulifika na tope jekundu, na uso wake haukutazamika tena. Mwamuzi akampa leso yake, mchezo ukaendelea.

Consolate alizaliwa mtu wa mkono wa kulia, tena mchezaji wa benchi. Mwenye shoto alikuwa kaka yake, Zagabe. Mama yao, Maman Rosalie, alimchapa huyo mtoto kwa mwiko mpaka akachoka yeye, kwani kwao kupeleka mkono wa kushoto kwenye bugali ni kumtukana aliyepika. Zagabe alipokua akaenda Shabunda kuchimba dhahabu. Siku shimo lilipomfukia, Consolate aliamka na mkono wa kushoto mzito, wenye kovu la mwiko juu ya kidole gumba. Tangu hapo magolikipa wa Bukavu hawakupata usingizi mzuri.

Rosalie alilitambua kovu. Alijuta mpaka moyo ukamuuma. Kila jioni aliuosha mkono ule kwa maji ya vuguvugu, akaumegea tonge la kwanza. Ulipokea kwa woga.

Shimo lilikuwa mali ya Papa Xavier, ambaye pia ndiye prezida wa klabu ya Consolate. Rosalie alimfuata ofisini.

“Papa Xavier, mutoto yangu angali mu ile shimo. Unipe batu bamutoshe inje, nimuzike.”

“Maman, tushinde kwanza shampiona. Batu biko. Nitabatuma.”

Basi mkono ukafanya kazi. Misimu mitatu, mabao mia nne na kitu, vikombe vitatu. Na kila mwaka Papa Xavier alitaka kimoja tu zaidi. Mkubwa hakosi sababu.

Siku ya kikombe cha tatu, mkono ulikipokea, kisha ukamkamata Papa Xavier kifundo cha mkono, ukakataa kumwachia. Picha zilipigwa hivyo hivyo. Rosalie akasogea, akauliza tena habari ya mwanawe.

Papa Xavier alimjibu kwa upole. Shimo lilifunguliwa tangu mwaka jana, vijana wengine wanachimba chini zaidi. Waliokuwa mle walitolewa pamoja na udongo, wakamwagwa mtoni.

Mkono ukamwachia.

“Mutoni gani?” akauliza Rosalie.

Papa Xavier alifikiri kidogo, akasema hakumbuki. Kisha akamgeukia Consolate, akamuuliza kama mkono utakuwa tayari kwa mazoezi ya Jumatatu.